Kabla hamjalibandika hilo bango: chakula na afya ya akili mkoani Dodoma

SWALI: Shikamoo daktari. Sisi ni kikundi cha wanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Dodoma, mchanganyiko wa lishe, uuguzi na saikolojia. Tumepanga kwenda shule mbili za kata na kijiji kimoja wilayani Chamwino katika wiki ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, 10 Oktoba, kuelimisha kuhusu uhusiano wa chakula na akili. Tumeshachapisha bango lenye maneno "Kula vizuri, shinda sonona" na picha ya samaki, parachichi na mafuta ya zeituni. Mwalimu mmoja alipoliona alicheka, akasema: "Watoto hawa wanakuja bila chai, nyie mnawaletea parachichi." Tumevunjika moyo. Je, ni kweli chakula kinatibu sonona? Na tufanyeje tusionekane wasomi wanaokuja kupiga porojo?

JIBU: Marahaba, wanangu. Huyo mwalimu msimnunie. Kwa sentensi moja amewafanyia ukaguzi ambao wengine huulipia, na amewaonyesha mahali pa kuanzia: anzeni na mtoto aliyekuja bila chai. Parachichi litafuata, au lisije kabisa.

Kuhusu tiba: kwa baadhi ya watu chakula kinasaidia, kikienda pamoja na matibabu. Peke yake, kwa mtu mwenye sonona hasa, msiahidi. Nitaeleza kwa nini, maana mkiulizwa na mwalimu wa baiolojia mnatakiwa mjue mnachokisimamia.

Utafiti unaotajwa kuliko yote katika eneo hili ulifanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2017 na timu ya Profesa Felice Jacka. Walichukua watu 67 wenye sonona ya wastani hadi kali, wakawagawa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja lilikutana na mtaalamu wa lishe mara saba ndani ya wiki 12 na kuelekezwa kula mboga, matunda, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni, huku wakipunguza vitu vitamu na vya kukaanga. Fungu la pili lilipewa mtu wa kuzungumza naye tu, bila habari za chakula. Mwishoni, karibu theluthi moja ya fungu la kwanza walikuwa wametoka kwenye sonona. La pili, asilimia 8. Hapo ndipo mabango kama lenu yanapozaliwa. Ila someni mpaka mwisho: watu 67 ni wachache, kila mmoja alijua yuko fungu gani (utamfichaje mtu kwamba anakula maharage?), na wengi wao waliendelea na dawa au ushauri wao kama kawaida. Chakula kiliongezwa juu ya matibabu. Hakuna aliyeambiwa aache dawa ale mboga.

Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa zaidi wa Ulaya: watu 1,025 wenye uzito mkubwa na dalili za awali za sonona, katika nchi nne, wakafuatiliwa mwaka mzima. Waliopewa vidonge vya virutubishi hawakukingwa na sonona. Mafunzo ya kubadili tabia ya ulaji nayo, kwa ujumla, hayakuonyesha kinga ya kueleweka. Huu hautajwi sana kwenye mabango, na mnaweza kukisia sababu.

Halafu kuna tatizo la nani alianza. Mtu mwenye sonona hupoteza hamu ya kula, au hula ovyo, au hana nguvu ya kuwasha jiko. Ukimkuta anakula vibaya na ana huzuni, huwezi kuruka na kusema ulaji ndio ulioleta huzuni. Tafiti nyingi zinazosema "wanaokula hiki wana sonona zaidi" zinakwama hapohapo.

Na nikiwa hapa niondoe kitu kimoja ambacho kinajirudia kwenye kazi za wanafunzi: kwamba ndizi ina serotonini, "homoni ya furaha", basi ule ndizi ufurahi. Serotonini kwenye ndizi imo kweli. Lakini ile inayoliwa haivuki kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Ubongo hujitengenezea yake. Ifuteni.

Sasa, je, nawaambia msiende? Hapana. Nawaambia kwamba sehemu yenye nguvu ya hoja yenu haiko kwenye parachichi. Iko kwenye njaa na upungufu, na huko ushahidi wake ni wa zamani na mzito.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kusini mwa Marekani kulikuwa na ugonjwa uitwao pelagra. Ngozi inababuka sehemu zinazopigwa na jua, tumbo linaharisha, mwisho akili inavurugika. Hospitali za wagonjwa wa akili zilijaa watu hawa, na madaktari wengi waliamini ni maambukizi. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Dkt. Joseph Goldberger kuchunguza. Aliona jambo ambalo wengine walilipita tu: wagonjwa na yatima wanaugua, wahudumu wanaoshinda nao jengo moja hawaugui. Kilichowatenganisha ni sahani. Maskini walishindia mahindi, molasi na mafuta ya nguruwe. Walipoongezewa maziwa, nyama na jamii ya kunde, ugonjwa ukakoma. Baadaye, mwaka 1937, ikajulikana kwamba kilichokosekana ni niasini, moja ya vitamini za kundi B. Mahindi yanayo, ila imefungwa kwa namna ambayo mwili hauifaidi vizuri. Karanga zinayo tele. Kwa hiyo mkifika kijijini mkakuta mlenda umetiwa karanga za kusaga, hapo kuna somo zima la lishe limekaa kwenye chungu, na wenyeji ndio walimu wake.

Mfano wa pili ni wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 na 1945. Ancel Keys na wenzake waliwachukua vijana 36 wa kujitolea, waliopimwa na kuonekana wazima wa mwili na akili, wakawaweka kwenye nusu njaa kwa miezi sita. Vijana walikula kila siku, lakini nusu hivi ya walichohitaji. Walikonda, hilo lilitarajiwa. Kilichoonekana zaidi ni tabia: hasira za haraka, huzuni, kujitenga, utani kwisha, mawazo yote kugeukia chakula hadi wengine kukusanya vitabu vya mapishi. Watu wazima, wenye nia njema, bila historia ya ugonjwa wa akili. Ilikuwa njaa tu.

Hili nyinyi mnalijua bila Minnesota. Bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, likichelewa, watu wanapiga pasi ndefu: mlo mmoja saa kumi jioni, chipsi za deni, na usiku kinywaji cha kuongeza nguvu ili usome. Wiki mbili za namna hiyo, usingizi umevurugika, mtu anamjibu mwenzake vibaya, anasoma ukurasa mmoja mara nne, anaanza kujiona hafai. Ana sonona? Huenda. Huenda pia ana njaa na hajalala. Kafeini ya saa tatu usiku, nusu yake bado iko mwilini saa nane za usiku. Mpe mtu huyo milo ya kueleweka na usingizi wa siku kadhaa, ndipo muone kilichobaki. Kikibaki kizito, hicho kinahitaji mtaalamu.

Mtoto wa shule ya kata ana toleo lake la pasi ndefu, ila yeye hakuichagua. Anatoka nyumbani alfajiri, anatembea, anakaa darasani mpaka alasiri. Chakula cha mchana shuleni kinategemea michango ya wazazi, na mwezi wa pili, debe la mahindi linapopanda bei, michango hiyo inapungua. Mwalimu anamwona mtoto anasinzia, hasikii, anagombana wakati wa mapumziko. Anamwita mtundu au mvivu. Ujumbe wenu wa kwanza kwenye shule ile, kabla ya wanafunzi, uwe kwa walimu na kamati ya shule: hasira na uzito wa kichwa wa saa sita mchana, mara nyingi, huanzia tumboni.

Kuna na upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Msichana mwenye damu pungufu anachoka, kichwa kinamuuma, hawezi kutulia kwenye somo, hapendi kucheza. Ukimsikiliza haraka utaandika "dalili za sonona". Kipimo cha damu zahanati ni cha dakika chache, na kinaweza kumwokoa kupewa jina la ugonjwa asiokuwa nao. Wenzenu wa uuguzi walibebe hili.

Na hapa ndipo vyakula vya kwetu vinapoingia, tena vinaingia kwa heshima. Uwele na mtama vina madini chuma, ila vina pia kitu kinachoyashika yasifyonzwe. Kuloweka, kuotesha kimea na kuchachusha hukilegeza. Uji wa kuchachuka na togwa vinajua kazi hiyo tangu zamani. Madini chuma ya mimea hufyonzwa vizuri zaidi yakiliwa pamoja na vitamini C, na Dodoma vitamini C inaning'inia kwenye mibuyu. Unga wa ubuyu, kwa uzito uleule, una vitamini C nyingi kuliko chungwa. (Nazungumzia ule unga mweupe unaobanduliwa kwenye mbegu. Zile za rangi nyekundu za kwenye kipakti ni peremende. Mkizisifia, watoto watawashukuru na walimu watawalaumu.) Ukorogwe kwenye maji ya baridi, usichemshwe, maana moto unaiua vitamini hiyo. Kinyume chake ni chai ya rangi: ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini chuma. Isubiri saa moja hivi baada ya kula.

Mlenda, majani ya kunde, mchicha, majani ya maboga: vyote vinakaushwa hapa kwa ajili ya kiangazi, na vinakaushwa vibaya pale vinapoanikwa juani kavu juu ya bati. Jua kali linakula vitamini A. Vianikwe kivulini, penye upepo, juu ya chanja, vifunikwe kwa kitambaa chepesi. Magadi kwenye mlenda yanalainisha, ndiyo, ila yakizidi yanaharibu baadhi ya vitamini, kidogo kinatosha. Kisha dagaa. Mkimweka samaki kwenye bango, awe dagaa mkavu anayeuzwa kwa fungu Majengo na Sabasaba. Ana protini, madini chuma, kalisi, na vitamini B12, ambayo haipatikani kwenye mboga wala nafaka, na ambayo ikikosekana kwa muda mrefu inaweza kuleta ganzi, usahaulifu na hata kuchanganyikiwa. Mkono mmoja wa dagaa waliotwangwa kwenye mboga ya watu sita si kitu cha kudharau. Yai, maziwa ya mgando, kunde, choroko, njugu mawe, karanga: hayo ndiyo maduka yetu ya dawa ya vyakula, kama mnataka usemi wa bango. Mafuta yawe ya alizeti, mkoa umejaa.

Tahadhari moja ambayo kwa mkoa huu ni ya lazima: sumukuvu. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumu hiyo ya fangasi. Mkisifia karanga na dona, lazima katika sentensi ileile mseme kukausha vizuri, kuanika juu ya turubai badala ya ardhini, kuchambua na kutupa zilizooza, zilizosinyaa na zenye ukungu, na kutozitumia kupikia pombe au kulisha kuku kwa kisingizio cha kutopoteza. Kupika hakuiondoi sumu hii. Na ule unga wa lishe wa kusagia vitu kumi pamoja, msiufundishe. Nafaka moja kwenye uji, karanga zilizochambuliwa ziongezwe wakati wa kupika, inatosha, na kitu kilichoharibika utakiona kabla hakijafichwa na mashine.

Turudi kwenye maneno ya bango, kwa kuwa yana tatizo kubwa kuliko picha zake. Kijijini kuna nyumba yenye mgonjwa. Labda kijana aliyerudi kutoka mjini akiwa anazungumza peke yake, labda mama ambaye hajatoka ndani tangu ajifungue. Familia hiyo imeshaambiwa na majirani kwamba amerogwa, au ni bangi, au ni laana ya ukoo. Mnafika nyinyi na makoti meupe ya hospitali mnaongeza sababu ya nne: hamkumlisha vizuri. Hamkukusudia, lakini ndivyo litakavyosomeka. Mama yake atalisoma akiwa amesimama nyuma ya umati, na hatauliza swali.

Mgonjwa huyo huyo anaweza kuwa kwenye dawa. Dawa kadhaa za magonjwa makali ya akili huongeza njaa na uzito, na sababu moja ya kuziacha ambayo nimeisikia sana kwa familia ni hii: "Dawa hizi zinataka kula, na sisi chakula hatuna." Mtu wa namna hiyo akisikia wasomi wa chuo wakisema chakula kinashinda sonona, amepata ruhusa aliyokuwa akiisubiri. Basi mseme wazi, mara mbili kama inabidi, kwamba mwenye dawa aendelee na dawa, na kama zinampa njaa au usingizi wa kupitiliza arudi kliniki aseme, kwa sababu muda wa kumeza, kiasi au aina ya dawa vinaweza kurekebishwa. Na uji wa jioni uliohifadhiwa kwenye chupa ya chai unasaidia mgonjwa anayeamka na njaa usiku kuliko hotuba.

Mkiniomba maneno, ningeandika: "Usikae na njaa kimya. Usikae na mawazo kimya." Chini yake jina la mwalimu mlezi au mnasihi wa shule, zahanati ya karibu, na namba 116, ile ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haina malipo. Picha: dagaa, karanga, ubuyu, bakuli la mlenda. Mliyochapisha geuzeni, upande wa nyuma ni mweupe.

Hayo maneno yana deni. Mkimwambia mtoto asikae kimya, atasema. Nimeona vikundi vingi vyenye slaidi nzuri na bila mpango wowote wa dakika ile ambayo msichana wa kidato cha pili anabaki nyuma wenzake wakitoka. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe, kaeni na mkuu wa shule, mwalimu mlezi na afisa ustawi wa jamii wa wilaya, mkubaliane nani anampokea mtoto, chumba gani, na nani anamsindikiza zahanati au hospitali ikibidi. Mwombeni mhudumu wa afya ya akili kutoka hospitali ya wilaya awepo. Hapa mjini tuna bahati ya kuwa na Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iliyopo tangu miaka ya 1920. Wengine nchini wanasafiri siku nzima kuifikia. Jina lake watu wamelifanya utani na tusi, kwa hiyo shuleni msilitaje kama kitisho wala kichekesho. Litajeni kama mnavyotaja Jenerali, ile hospitali ya mkoa: mahali pa kutibiwa, watu wanaingia na kutoka.

Akibaki nyuma yule msichana, msimwahidi siri isiyo na mipaka. Mwambieni tangu mwanzo: utakayosema yanabaki kwetu, isipokuwa kama maisha yako au ya mwingine yako hatarini, hapo tutamwambia mtu wa kutusaidia, na tutakuambia kwanza. Akionyesha dalili za kutaka kujiua, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Wengi hupumua kwa mara ya kwanza. Asiachwe peke yake mpaka akabidhiwe kwa mtu mzima mliyekubaliana. Na ikitokea kwamba kinachomsumbua ni mtu anayemdhuru nyumbani au shuleni, afisa ustawi na dawati la jinsia na watoto la polisi ndio wenye kazi hiyo. Nyinyi si wapelelezi. Msimhoji mara tatu.

Kwa hiyo pia msigawe madodoso ya kupima sonona darasani. Najua mnayo, yametafsiriwa, na mhadhiri wenu angependa data. Ukimpima mtoto ukamkuta na alama za juu, una wajibu wa kumfikisha mahali siku hiyo. Mkipata watoto kumi na wanane mtafanyaje, na gari la kurudi ni saa tisa? Kama mnataka utafiti, pitieni kamati ya maadili ya chuo, ridhaa ya wazazi, na yote yanayofuata. Hiyo ni safari nyingine, isichanganywe na hii.

Namna ya kuzungumza nao. Mstarini, mbele ya watoto mia nne, mtapata makofi na hakuna kitakachobaki. Ombeni madarasa, kundi moja la watu thelathini au arobaini, wanafunzi wawili kwa kila kundi. Msiulize "nani hajanywa chai leo, anyooshe mkono." Hilo mnalijua ni kosa mara tu mnapolisikia kwa sauti, lakini nimelisikia likiulizwa. Wapeni vipande vya karatasi visivyo na majina: jana ulikula nini, saa ngapi, na saa gani ya siku ulijisikia vibaya zaidi. Zikusanyeni, zichanganyeni, zisomeni. Watoto wenyewe wataona mstari kati ya saa ya njaa na saa ya ugomvi, bila nyinyi kutaja Goldberger. Msipime uzito mbele za watu na msizungumzie unene. Msichana wa miaka kumi na tano akisikia neno moja la kijinga kuhusu mwili wake kutoka kwa dada wa chuo, anaweza kuacha kula kabisa, na mtakuwa mmeondoka zamani. Waambieni vitu wanavyoweza kufanya wao: kiporo cha ugali au viazi vya jana asubuhi si aibu, karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa sketi, maji, kulala. Mengine ni ya wazazi na kamati ya shule, na msimtwishe mtoto mzigo wa bajeti ya nyumba.

Ruhusa ni jambo la kuchosha, nitalipitia haraka. Barua ya chuo kwa Mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa elimu sekondari, mganga mkuu wa wilaya na afisa lishe. Kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake. Afisa lishe msimfanye nakala tu, mtafuteni ofisini. Yeye ndiye anayejua ratiba ya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka, ambapo akina mama wanakuja wenyewe na watoto kwa ajili ya kupima. Mkijiunga na siku hiyo hamtahitaji kumwita mtu kwa kipaza sauti. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji hicho wawe mbele, nyinyi nyuma yao. Wao wataitwa saa nne usiku mtu akizidiwa, nyinyi mtakuwa mmerudi bwenini. Na mjue kusema "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kabla ya yote. Wazee wengine Kiswahili chao ni cha sokoni. Mtafuteni mwenzenu Mgogo azungumze nao, na mwacheni aseme kwa maneno yake, asiwe mkalimani wa slaidi.

Wazee wa kijijini muwaulize zaidi ya mnavyowaambia. Mwaka wa njaa walikula nini, na watu walikuwaje? Nani aliyejitenga, nani aligombana, walimsaidiaje? Hapo mtapata mazungumzo ya afya ya akili bila kulitaja jina lake, na bila mtu kuhisi anaitwa kichaa.

Taarifa mtakayomwandikia mhadhiri isiishie kwenye "tuliwafikia wanafunzi 400". Andikeni ni wangapi walifika zahanati au kwa mnasihi katika miezi miwili iliyofuata, kwa kuhesabu tu, bila majina. Na kama kamati ya shule ilikaa kuhusu chakula cha mchana au haikukaa. Huenda idadi itakuwa tatu. Andikeni tatu.

La mwisho ni ratiba yenu, na hapa nawaomba mbadilishe kitu. Wiki ya 10 Oktoba ni nzuri kwa shule: kidato cha nne wanakaribia mtihani wa taifa wa Novemba, usingizi na chakula vimeshaanza kuyumba, watawasikiliza. Kwa kijiji, Oktoba ni mwezi mbaya. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Oktoba ardhi imekauka, hakuna jani la kuonyesha, na mtafundisha kuanika mboga kivulini penye vumbi tupu. Gaweni safari mbili. Shule nendeni Oktoba. Kijijini nendeni Machi kuelekea Aprili, majani ya kunde na mlenda yakiwa shambani na watu wakiwa wanayachuma, siku ya lishe ya kijiji ikiangukia hapo. Chanja mtaijenga nao palepale. Na karanga zinapoanza kung'olewa mwezi unaofuata, yule mhudumu wa jamii mliyemwachia turubai atajua la kufanya. Barua ya Machi ipelekeni Januari, kwa sababu Februari maofisa wengi wako kwenye vikao vya bajeti na hamtampata mtu wa kusaini.